Trapu mpya zilizolaumiwa bure: kisa cha mvuke katika kiwanda cha chai

Kisa hiki kilitokea katika kiwanda cha chai kilichopo nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Nilikuwa fundi mitambo wa zamu, na baadaye nikakabidhiwa mfumo wote wa mvuke. Jina la kiwanda, mwaka na majina ya wahusika nimeyaondoa. Nakiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, kwa sababu tulitumia fedha nyingi kubadilisha trapu (vifaa vinavyotoa maji kwenye mabomba ya mvuke na kuuzuia mvuke wenyewe) ambazo hazikuwa na kosa, na najua viwanda vingine vinavyorudia jambo hilohilo kila masika.

Mazingira

Boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ilikuwa ya kuni za mikaratusi, ikitoa mvuke wa bar 10 (bar ni kipimo cha presha). Kutoka kwenye heda, bomba kuu la kugawia, mvuke uligawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ilikwenda kwenye draya mbili (mashine za kukaushia chai), na hadi kufika pale ulikuwa kama bar 9, yaani nyuzi 180. Ya pili ilipita kwenye valvu ya kupunguza presha, ukashuka hadi bar 3, ukaenda kwenye rejeta 12 (vipasha hewa vinavyopitisha mvuke ndani) za vitanda vya kunyaushia majani mabichi.

Asiyefanya kazi kwenye chai huenda akashangaa kwa nini majani yapashwe joto kabla hata ya kusagwa. Masika majani hufika yakidondosha maji, na hewa yenyewe imejaa unyevu, hivyo feni peke yake hainyaushi kitu. Unaipasha hewa kidogo tu. Ikizidi nyuzi 35 hivi, majani yanaanza kuwa mekundu juu ya kitanda na ubora umekwenda. Kwenye draya ni kinyume chake. Pale tulihitaji hewa ya nyuzi 130 bila kuyumba, ili chai itoke ikiwa na unyevu wa asilimia 3.

Mvuke hutoa sehemu kubwa ya joto lake pale unapogeuka kuwa maji. Kilo moja ya mvuke wa bar 9 ikigeuka maji ndani ya rejeta hutoa takriban kilojuli 2,000. Yale maji, hata yakikaa humo yapoe kutoka nyuzi 180 hadi 100, hayatoi zaidi ya kilojuli 350. Kwa hiyo maji yaliyobaki kwenye rejeta yanakaa mahali pa mvuke bila kazi. Trapu ndiyo bawabu wa mlango huo: hutoa maji na hewa, na kuuzuia mvuke usitoke kabla haujatoa joto lake. Ikikwama wazi, mvuke hai unapita. Ikikwama imefungwa, au ikiwa ndogo kuliko mzigo wake, rejeta inajaa maji.

Tulikuwa na trapu 23, zote za kisahani, zile ndogo zenye kisahani cha chuma kinachoruka na kukaa. Zote zilimwaga kwenye bomba moja la marejeo, yaani la kurudisha maji, la inchi 2, lililopanda mita 5 kupita juu ya kenchi hadi kwenye tangi la maji ya boila. Bomba hilo halikuwa na geji ya presha hata moja.

Mambo yalivyoanza kuharibika

Mwezi wa tatu, kilele cha mavuno, draya zilianza kushuka joto usiku. Saa mbili usiku zilikuwa nyuzi 128, saa nane usiku 114. Chai ilitoka na unyevu wa asilimia 5 hadi 6, ikarudishwa kukaushwa upya, nasi tukapunguza mwendo wa kulisha. Majani mabichi yakarundikana, na malori ya wakulima yakapanga foleni hadi getini.

Kila mtu alitaja kuni, nami nikiwemo. Zilikuwa mbichi kweli, na tukaomba za akiba zilizokauka. Zikaletwa, presha ya boila ikapanda kidogo kwa siku mbili, halafu tukarudi palepale.

Dalili nyingine zilikuwepo mbele ya macho yetu, ila kila moja tuliichukua peke yake. Tangi la maji ya boila lilifuka mvuke mzito mchana kutwa. Pampu ya kulisha boila ilikuwa ikinguruma kama imemeza kokoto, kwa sababu maji yalikuwa karibu kuchemka kabla hayajaingia ndani yake. Tukabadilisha beringi za pampu. Na trapu za vitanda zilikuwa zikipiga mluzi mfululizo. Trapu ya kisahani iliyo nzima hugonga tik, ikanyamaza, ikagonga tena. Zetu zilikuwa shhhh bila kikomo.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Tuliamua kubadilisha trapu zote 12 za vitanda. Sitaki kuuita uamuzi huo wa kijinga, kwa sababu ulikuwa na hoja. Mluzi ni dalili inayojulikana ya trapu iliyokwisha. Aina hiyohiyo ilikuwepo stoo, nusu inchi, isingehitaji kubadilisha mabomba. Na Jumapili moja ya kusimama ilitosha kwa kazi yote.

Tukafunga mvuke, tukaweka mnyororo na kufuli kwenye valvu kuu, tukafungua dreni na kusubiri bomba lipoe. Hata hivyo kijana mmoja alipolegeza yunioni (kiungo cha bomba) ya kitanda cha nne, maji ya moto yakamrukia kwenye glavu. Tulidhani mkia wa bomba ulikuwa mtupu, kumbe umeshiba kutoka upande wa marejeo. Hakuumia, nasi tukaendelea na kazi. Ningekuwa makini kidogo tu siku ile, ningejiuliza maji hayo yametoka wapi wakati upande wa mvuke umefungwa kwa kufuli.

Jumatatu vitanda vilikuwa kimya kwa saa chache, boila ikiwa bado haijashika. Jioni baadhi vilianza mluzi. Kufikia siku ya tisa, trapu 10 kati ya 12 mpya zilikuwa zikilia kama zile tulizotupa.

Lawama ikamwangukia muuzaji. “Ametuuzia feki,” ndilo neno lililozunguka kiwanda kizima, na barua ya malalamiko ikaandikwa. Kabla haijatumwa nilifungua trapu moja mpya juu ya meza ya karakana. Nilikitoa kisahani nikakiweka chini ya taa. Uso wake ulikuwa laini kama kioo, bila mkwaruzo. Nilipaka bluu ya kukagulia kwenye kiti chake, nikakikandamiza kisahani na kukigeuza, na pete ya bluu ikatokea imekamilika mzunguko mzima. Chuma kile kilikuwa kizima. Nikamwomba meneja aizuie barua.

Kitanda namba saba

Aliyetufungua macho ni mzee wa boila, mtu mwenye umri wa kunizaa. Alikuja karakana usiku huo kuomba spana, akaikuta ile trapu mezani.

“Mwanangu, kitanda namba saba nimekifunga mimi mwenyewe tangu saa mbili. Mbona hakipoi? Moto ule unatoka wapi?”

Nikamjibu, “Shikamoo mzee, huenda valvu inavuja.”

“Nenda ukashike.”

Nilikwenda. Upande wa mvuke, baada ya valvu, bomba lilishikika kwa mkono bila shida. Upande wa kutokea, pale trapu ilipo, sikuweza kuuacha mkono hata sekunde moja. Rejeta ilikuwa ikipata moto kwa nyuma. Juu yake majani yaliyokuwa karibu na mdomo wa hewa yalikwisha kuwa mekundu.

Hapo maji yale ya Jumapili yakaeleweka. Bomba la marejeo, ambalo lingepaswa kubeba maji yenye presha ndogo, lilikuwa na presha ya kutosha kurudi ndani ya kitanda. Trapu za vitanda hazikuwa na valvu za njia moja, kwa hiyo hakuna kilichozuia.

Asubuhi tulitoboa na kufunga geji kwenye bomba la marejeo. Ilisoma bar 2.6.

Hesabu yake ni fupi. Trapu ya kisahani hujifunga kwa kutegemea tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma yake. Presha ya nyuma ikizidi takriban asilimia 80 ya ile ya mbele, kisahani hakikai tena kwenye kiti, na trapu inabaki wazi hata ikiwa imetoka dukani leo. Vitanda vilikuwa na bar 3 mbele na 2.6 nyuma, yaani asilimia 87. Tungeweza kununua trapu bora kuliko zote duniani na zingelia hivyohivyo.

Usiku uliofuata tulifanya jaribio. Mahali pa chini kabisa pa bomba la marejeo, kabla halijapanda kwenye kenchi, palikuwa na dreni ya zamani. Tuliiunganisha na bomba lililoelekea kwenye shimo la majivu nje, tukazungushia kamba ili mtu asipite, tukaifungua pole pole saa nane usiku. Geji ikashuka hadi bar 0.3. Ndani ya dakika chache trapu za vitanda zikaanza kugonga, tik, tik, moja baada ya nyingine. Draya ya kwanza ilikuwa nyuzi 114. Baada ya dakika 40 ilikuwa 127, kuni zikiwa zilezile.

Maji yale tulikuwa tunayapoteza na tulilazimika kulisha boila maji baridi, hivyo haikuwa tiba. Lakini tulijua sasa kwamba ugonjwa uko kwenye marejeo.

Presha ilikotoka

Tulizipima trapu zote 23 kwa siku tatu. Kifaa changu kikuu kilikuwa bisibisi ndefu: ncha kwenye mwili wa trapu, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Bunduki ya kupimia joto tulikuwa nayo, ila kwenye chuma kinachong’aa inadanganya, ikabidi tupake rangi nyeusi isiyong’aa sehemu ya kupimia. Hata baada ya hapo haikusaidia sana. Joto la upande wa nyuma ya trapu hufuata presha ya marejeo. Marejeo yakiwa bar 2.6, ni nyuzi 139 iwe trapu ni nzima au mbovu.

Jicho nalo lahitaji kufundishwa. Maji ya nyuzi 180 yakitoka kwenda kwenye hewa ya kawaida, karibu asilimia 15 yake hugeuka mvuke papo hapo. Fundi mgeni akiona wingu hilo husema trapu imekufa. Mvuke hai unaovuja hautoki mweupe mdomoni mwa bomba. Sentimita chache za mwanzo hauonekani kabisa, unatoka kwa nguvu, halafu ndipo unageuka wingu. Ule wa maji yaliyochemka baada ya kutoka huanza mweupe palepale na huelea kivivu.

Njia kuu ya mvuke ilikuwa na trapu 6 za kutolea maji. Nne zilikuwa zikipitisha mvuke hai wa bar 9 moja kwa moja kwenye marejeo. Tundu la milimita 3 kwa presha hiyo linaweza kupitisha zaidi ya kilo 30 za mvuke kwa saa, kwa hiyo nne hazikuwa mzaha. Moja ilikuwa baridi, imezibwa na kutu. Niliiandika “si ya haraka”. Neno hilo lilitugharimu baadaye.

Chanzo kikubwa zaidi kilikuwa nyuma ya draya ya kwanza, mahali ambapo lazima uingie kwa kujikunja. Trapu yake ilikuwa na baipasi, bomba la pembeni linaloikwepa trapu, na valvu ya baipasi ilikuwa wazi nusu. Kipini kilikuwa kimefungwa kwa waya ili mtetemo usikirudishe.

Tulimwuliza opareta wa draya wa usiku. Hakuficha.

“Nikiifunga, fundi, saa nane usiku nashuka mpaka mia na nane. Chai ikitoka mbichi naandikwa mimi.”

Tuliifunga mbele yake kujaribu. Ikashuka, kama alivyosema. Kwa draya yake peke yake alikuwa sahihi kabisa.

Tatizo lililomsukuma ni hili. Rejeta ya draya ina vipande 6. Katika matengenezo ya miaka ya nyuma, trapu 6 zilizokuwepo ziliondolewa na vipande vikaunganishwa vitatu vitatu, trapu moja kwa kila kundi, ili kupunguza gharama. Kipande cha mbele kinachokutana na hewa baridi hula mvuke mwingi zaidi, hivyo presha kwenye tundu lake la kutokea ni ndogo. Kipande cha nyuma, ambacho hewa inakifikia ikiwa tayari moto, hula mvuke kidogo, na presha yake ya kutokea ni kubwa. Ukiviunganisha, mvuke wa kile cha nyuma unaifikia trapu kwanza na kuifunga, na maji ya kile cha mbele yanabaki ndani. Kipande kilichotakiwa kufanya kazi kubwa kuliko vyote ndicho kilichojaa maji.

Basi mnyororo ulikuwa hivi: kuunganisha vipande kukaijaza rejeta maji, opareta akafungua baipasi ili ayatoe, baipasi ikaingiza mvuke wa bar 9 kwenye marejeo, marejeo yakapanda presha, trapu za vitanda zikashindwa kufunga, mvuke ukapotea kila upande, boila ikachoka, draya zikashuka tena, na baipasi ikafunguliwa zaidi.

Marekebisho

Fedha hazikutosha kwa kila kitu, kwa hiyo tulichagua. Draya ya kwanza ilirudishiwa trapu kwa kila kipande, safari hii za boya zenye kitoa hewa ndani yake. Trapu ya boya hutoa maji kadiri yanavyofika, haisubiri, na asubuhi hewa inatoka haraka. Kila moja iliwekewa chujio mbele, valvu ya njia moja nyuma, na valvu za kufungia pande zote mbili. Baipasi tuliikata kabisa na kuziba kwa plagi. Njia kuu ilipata trapu mpya nne za kisahani, maana kwa kazi hiyo kisahani kinafaa: mzigo mdogo, presha kubwa, na hakiogopi kishindo.

Trapu 12 za vitanda tuliziacha palepale na kuziongezea valvu za njia moja tu. Kama ningeanza upya ningeweka za boya hata hapo, lakini zilikuwa nzima na fedha yake ilikwisha kutumika.

Niliomba pia chombo cha kukusanyia mvuke unaochemka kutoka kwenye maji ya draya, ili utumike vitandani. Meneja alikataa kwa msimu ule. Niliudhika, lakini sasa naona alikuwa sahihi: tungeongeza kitu kipya kwenye mfumo ambao tulikuwa bado hatujauelewa.

Matokeo

Marejeo yalikaa bar 0.6, ambayo karibu yote ni uzito wa maji kwenye ule mpando wa mita 5. Draya ya kwanza ilishika nyuzi 130 usiku kucha. Ya pili, ambayo ilikuwa bado na trapu za makundi, ilifika 123 kwa kunufaika tu na marejeo yaliyopoa. Hiyo tofauti ya nyuzi 7 ndiyo iliyomshawishi meneja kutoa fedha za ya pili kuliko ripoti yoyote niliyoandika. Pampu ilinyamaza. Kitanda kilichofungwa kikawa kinapoa.

Makosa hayakukosekana. Kipande cha tano cha draya kilikuwa baridi tangu siku ya kwanza, na saa mbili za kutafuta zilituonyesha kwamba trapu yake ilifungwa imelala ubavu. Mkono wa boya lazima upande na kushuka wima, na mshale ulikuwepo kwenye mwili wake. Aliyefunga alitazama mwelekeo wa maji tu.

La pili lilikuwa zito. Wiki ya tatu trapu moja ya boya ilikufa. Tulipoifungua, boya lilikuwa limebonyea ndani kama kopo lililokanyagwa. Ile trapu ya njia kuu niliyoiandika “si ya haraka” ilikuwa ikiacha maji yalale kwenye bomba usiku, na asubuhi valvu kuu ilipofunguliwa kwa pupa, mvuke uliyasukuma maji hayo kama nyundo hadi kwenye draya. Trapu ya kutu ilibadilishwa siku hiyohiyo, na tangu hapo valvu kuu hufunguliwa kwa dakika 20, dreni zikiwa wazi hadi zitoe mvuke mkavu.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni mambo mawili: kuifungua trapu mpya kabla ya kumshitaki muuzaji, na geji moja ya bei ndogo. Geji ile ingekuwepo tangu mwanzo, tusingeondoa hata trapu moja ya vitanda. Jaribio la kumwaga marejeo nje lilikuwa na thamani kwa sababu lilibadilisha kitu kimoja tu huku mengine yote yakibaki vilevile, kuni zikiwemo.

Tulishindwa mapema kwa kuipima kila trapu kana kwamba inaishi peke yake. Trapu ina mbele na nyuma, na nyuma yake kuna trapu nyingine zote. Mluzi unasema mvuke unapita. Hausemi kosa ni la nani. Tulichagua pia kwa kipimo cha bomba, nusu inchi kwa nusu inchi, wakati kinachoamua ni mzigo wa maji na tofauti ya presha. Trapu ileile, tofauti ya presha ikishuka kutoka bar 9 hadi bar 2, hupitisha chini ya nusu ya maji.

Kuhusu opareta, kulikuwa na pendekezo la kumpa barua ya onyo. Nililipinga na bado nalipinga. Waya ule ulikaa pale kwa miezi, na kila aliyeingia nyuma ya draya kutia grisi kwenye feni aliuona. Alikuwa ametueleza kwa mikono yake kwamba rejeta haitoi maji, na hakuna aliyemwuliza. Draya ya pili ilipofanyiwa kazi mwezi uliofuata, tulimweka yeye asimamie ufunguzi wa kwanza. Alianza na kipande cha mbele, kiganja kikiwa karibu na bomba la kutokea, na hakuigusa valvu ya kipande kilichofuata hadi cha kwanza kilipopata moto pande zote mbili.